Siku Tisa za Kataliko

Niliapa kwa Biblia, halafu jibu la kwanza lililonitoka mdomoni likawa uongo.

Ilikuwa mahakamani Bwera, mpakani, mwaka 2013.

Naitwa Esperance. Watu wananiita Mama Chérie, kwa jina la binti yangu. Kwetu ni Butembo, Kongo. Nilivuka mpaka kukimbia vita, na kwa miaka mitano nikamwambia kila mtu nimezaliwa upande huu, Kyarumba, kule milimani. Kinande chetu na Lhukonzo, lugha ya watu wa hapa, ni ndugu wa tumbo moja. Nani angejua?

Karatasi sikuwa nayo hata moja.

Nilikuwa nauza chai na chapati uani pa mahakama. Asubuhi hiyo karani, Robinah, akanijia mbio.

"Mama Chérie, mkalimani wa Lhukonzo ni mgonjwa. Kuja utusaidie! Wewe sema Kiswahili tu, mimi nitaweka kwa Kiingereza."

Ningekataaje? Anayekataa huulizwa sababu.

Kizimbani alisimama mwanaume aitwaye Kataliko. Shtaka: ni Mkongo, ameingia nchini bila kibali. Jicho lake moja lilikuwa limevimba, halifunguki. Nyuma yake alisimama afande Tefiro, mteja wangu wa kila siku, amenikazia macho.

Nikaapa. Hakimu Lakot, mama wa kutoka kaskazini, akaniuliza mwenyewe kwa Kiswahili kidogo alichojua: "Nyumbani ni wapi?"

"Kyarumba, Mheshimiwa."



Mwendesha mashtaka akainua karatasi yenye alama ya dole gumba. Eti mshtakiwa amekiri mwenyewe kuwa ni Mkongo.

Kataliko akajibu kwa Lhukonzo, polepole: "Walinifunga siku tisa kabla ya kunileta hapa. Walinipiga mpaka nikaweka kidole."

Nikamtazama Tefiro. Alikuwa anatabasamu. Nikamwona akilini Chérie wangu, yuko darasani, anaitwa nje na askari.

"Anasema alifungwa siku mbili," nikasema. "Akaweka kidole."

Kataliko akageuka. Kiswahili alikisikia vizuri; kesi yake tu ndiyo aliyotaka kuisema kwa lugha ya mama yake.

Hakunipinga. Alinitazama tu, kwa lile jicho moja zima.

Jamani, nikamgeukia hakimu tena.

"Mheshimiwa... nimekosea. Alisema tisa. Na alisema walimpiga."



Robinah akatafsiri. Tabasamu la Tefiro likafutika.

Ndipo bibi mmoja akasimama nyuma, akijitaja kuwa mama yake Kataliko. Alikuwa ametoka Munkunyu na kadi ya ubatizo na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kataliko alizaliwa Munkunyu, upande huu huu wa mpaka! Jina lake tu ndilo lililomponza, maana wenye jina hilo wengi wako ng'ambo.

Hakimu akasoma uamuzi, Robinah akanong'ona kwa Kiswahili: "Mtu yeyote, awe raia, asiwe raia, aletwe mahakamani ndani ya saa arobaini na nane. Kukiri kwa kupigwa sikupokei. Aachiliwe."

Kumbe mle ndani Mkongo asiye na karatasi alikuwa mmoja tu.

Mkalimani.

Nilikuwa nakusanya vikombe nikimbie, Kataliko akaja.

"Mama Chérie, unajua kwa nini walinipiga siku zote ile? Walitaka majina ya Bakongo wenye wanaishi hapa bila karatasi. Mimi najua mumoja tu."

"Nani?"

"Nilikuwa napeleka kahawa Butembo. Kulikuwa mama anauza maharagwe pale soko, karibu na kanisa."

Kikombe kilinidondoka. Mama yule wa maharagwe alikuwa mimi.

"Sikuwapa jina," akasema, akamshika mama yake mkono, wakaenda.

Wiki ile ile nilienda ofisi ya wakimbizi, nikataja jina langu na kwetu. Leo nina karatasi.

Ndugu, ukipewa kusema maneno ya mwenzako, yaseme yote. Hujui yeye ameyameza mangapi kwa ajili yako.