Dereva wa Vyombo

Tik.

Huo ndio mlio aliokuwa akiungoja Mzee Yiamat kila baada ya chakula, amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine ya kuoshea vyombo kama anayengoja uji uchemke. Kwanza maji yalimiminika ndani ya tumbo la mashine. Kisha ikaja ile tik, ndogo, kama njiti ya kiberiti iliyovunjika chumba cha pili. Maji yakakoma, kazi ikaanza.

"Imetosha," alikuwa akitafsiri Yiamat, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mashine hiyo alipewa na familia aliyoiendeshea gari miaka mingi, walipokuwa wanahama nchi. Walimwambia achague kitu kimoja ndani ya nyumba. Mtaa mzima wa Terrat ulijua atachagua friji au televisheni. Yiamat akanyoosha kidole kwenye sanduku la bati jikoni, lenye mlango unaofungukia chini kama kinywa cha kiboko. Majirani walicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Sababu hakuitangaza. Mikono ya mkewe, Anyesi, ilikuwa imeanza kupasuka. Ngozi ya viganja ilikauka, ikachanika, ikatoa damu kwenye mikunjo ya vidole. Nesi alimpa dawa ya kupaka na amri moja: sabuni na maji asiguse mpaka ngozi ipone. Anyesi alipokea dawa. Amri aliiacha kwenye kiti cha zahanati. Kila Yiamat alipogeuza mgongo, alimsikia tayari yuko kwenye beseni.

Na Yiamat alikuwa na tatizo lake. Kwa wanaume wa rika lake, waliokulia upande wa magharibi wa Mlima Meru, jikoni ni mahali pa kupita ukitafuta kiberiti. Kabla mashine haijaja aliosha vyombo kwa siri, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, redio imepandishwa sauti ili masufuria yasisikike. Hanna, jirani wa upande wa pili wa uzio, aliwahi kumuuliza Anyesi kwa nini mzee anapenda taarifa ya habari kiasi hicho.

Mashine ikamkomboa. Kuosha vyombo ni kazi ya jikoni, lakini kuendesha mtambo ni udereva, na yeye ni dereva. Alipanga sahani kwa heshima, akafunga mlango kwa kishindo kidogo cha kitaalamu, akabonyeza. Kuhusu mikono ya mkewe hakuwahi kumuuliza neno. Akirudi kutoka matembezini aliuliza, "Mtambo umeshindaje?" huku akitazama vidole vya Anyesi. Naye Anyesi alijibu, "Mtambo ni mzima," huku akivificha ndani ya khanga.

Siku moja ya Jumamosi alikuja Kasaine kutoka Oldonyo Sambu, amebeba kibuyu cha maziwa. Kasaine na Yiamat ni rika moja, walitahiriwa pamoja, na watu wa namna hiyo hawaoneani huruma. Wakala loshoro, mahindi na mtindi, wakajaza meza sahani na vikombe.

"Dereva," Anyesi aliita kutoka sebuleni, "abiria wamejaa?"

"Wamejaa. Sufuria imekaa dirishani."

Yiamat akabonyeza. Mashine ikanguruma. Ikanguruma tena. Maji hayakumiminika. Badala ya tik, ikalia pii, pii, pii, na taa yenye picha ya bomba ikaanza kukonyeza.

"Inakuita," alisema Kasaine, akiwa amesimama mlangoni na shuka lake begani.

"Inapasha injini."

"Ng'ombe wangu hulia hivyohivyo akinyimwa maji."

Anyesi akainuka. "Ni vyombo vichache, ngoja mimi..."

"Kaa!" Yiamat alisema, kisha akakumbuka kuna mgeni. "Kaa na mgeni, Mama Irine."

Akatoka kugonga tanki nje. Limejaa. Akafungua bomba la ukutani. Ni zima. Akafungua mpira unaoingiza maji kwenye mashine, akaulekeza kwenye ndoo, na maji yakaruka nje ya ndoo kwa furaha.

"Maji yapo," Kasaine alitangaza. "Yapo kwenye shuka langu."

Ikabidi ampigie Gadiel, fundi wa mafriji na mashine za kufulia pale Kaloleni. Aliweka sauti ya nje, maana simu ya sikioni hakuiamini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtambo umegoma. Maji hayaingii, na bomba nimelipima."

"Amelipima juu yangu," alisema Kasaine.

"Basi inadhani imeshajaa," Gadiel alisema. "Chomoa plagi kwanza. Umechomoa?"

"Nimechomoa," Yiamat alijibu, kisha akaenda kuchomoa.

"Toa treya ya chini. Pembeni kule unaona kitu kama uyoga wa plastiki? Hilo ni boya, kama lile la tanki la choo. Maji yakipanda nalo linapanda, linagusa swichi ndogo iliyo chini yake, mashine inajua imetosha. Likikwama juu, mashine inaona imejaa hata ikiwa kavu. Libonyeze. Linacheza?"

"Halichezi. Limekaa juu kama mwenyekiti wa harusi."

"Limeshikwa na nini?"

Yiamat akaingiza kichwa ndani ya mashine. "Kuna kitu cheupe. Kigumu, kama chokaa. Na mchanga mchanga."

"Mzee, ile chumvi ya mashine, ya kulainisha maji, unatumia ipi?"

Yiamat akatoa kichwa nje ya mashine.

"Ya mashine," alisema Yiamat.

"Ile ya dukani?"

"Inafanana nayo."

"Mwambie!" Anyesi alipaza sauti kutoka sebuleni.

"Magadi," Yiamat aliuambia ukuta.

Ilisikika kama mtu ameifunika simu kwa kiganja. Gadiel aliporudi, sauti yake ilikuwa na unyevu wa kicheko. "Mzee wangu, kwani unapika makande humo?"

"Imeandikwa chumvi. Magadi si chumvi ya ardhini? Yanalainisha maharage, yatashindwa sahani?"

"Subiri," Kasaine aliingilia. "Magadi yapi? Yale niliyokuletea, uliyosema ni ya kumlambisha ng'ombe?"

"Hayo."

"Njia nzima nilikuwa najiuliza, huyu mtu ng'ombe amemfungia wapi? Kumbe mnamkamua sahani!"

Gadiel akaelekeza dawa: siki ya moto, mimina kuzunguka boya, subiri ukoko ulainike wenyewe. "Usiling'oe, mzee. Kamkono kanakogusa swichi ni kembamba kama mwiba wa samaki. Subira tu."

Siki ikamiminwa. Ikatoa povu, ikanong'ona. Yiamat akakaa kwenye kigoda. Angeweza kusubiri, aliwahi kusubiri simba aamke ili wageni wa familia ile wapige picha. Lakini kutoka nje alisikia maji yakiingia kwenye beseni. Alipogeuka, kiti cha Anyesi kilikuwa kitupu na sahani hazikuwepo mezani.

Akachukua kijiko, akaingiza mpini chini ya boya, akalikweza.

Tak.

Haikuwa tik. Boya lilikuwa mkononi mwake, na kamkono kake kembamba kamevunjika.

"Nimeisikia hiyo," Gadiel alisema kwenye simu, polepole, kama anayetoa pole ya msiba. "Nitatafuta boya jingine Jumatatu."

Nje, karibu na bomba, Anyesi alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono ya gauni imekunjwa, sabuni imeshatoa povu. Vidole vilikuwa bado havijagusa maji. Yiamat alisimama mlangoni. Aliutazama uzio, ambako kitambaa cha kichwa cha Hanna kilikuwa tayari kimechomoza. Akamtazama Kasaine, ambaye angefika Oldonyo Sambu kabla ya giza na hadithi hii ingefika kabla yake. Hapakuwa na pazia la kushusha. Redio ilikuwa ndani.

Akavuta kigoda, akakaa mbele ya beseni, akalisogeza mbali na mkewe kwa goti. Akachukua sufuria, akaanza kusugua.

Kasaine akamfuata, akainama kutazama ndani ya beseni.

"Yiamat."

"Sema. Sema yote umalize."

"Unaanza na sufuria kabla ya vikombe? Mafuta ya mtindi yote yatahamia kwenye vikombe."

Dodoki likasimama. "Wewe umejuaje?"

Kasaine akaugeukia mlima, akauchunguza kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Mama Lengai wangu aliumwa mgongo wakati wa masika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mbuzi waliniona. Mbuzi hawasemi."

Yiamat alicheka mpaka sufuria ikamponyoka. Kasaine akakunja shuka lake lililokwisha kulowa, akachuchumaa upande wa pili, akaanza kusuuza vikombe, kwa haraka na kwa ustadi wa mtu aliyeosha vyombo masika yote.

"Mama Irine!" Hanna aliita kutoka juu ya uzio. "Hao umewakodi wapi? Na mimi nataka mmoja!"

"Hao ni rika moja," Anyesi alijibu. "Hawakodishwi mmoja mmoja."

Naye alikuwa akicheka, na machozi ya kicheko aliyafuta kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Yiamat aliliona hilo. Akangoja Kasaine ageuke kufungua bomba na maji yaanze kupiga kelele. Kisha akajifuta povu kwenye suruali, akamsogelea mkewe, na kwa mara ya kwanza hakuuliza habari za mtambo.

"Bado inauma?" alisema, kwa sauti ndogo sana.