Niliimba Wakati Nsimire Alikuwa Anasema

Makosa ni yangu. Nasema hivyo mbele, kusudi usianze kutafuta mwingine njiani. Jina yangu naiweka pembeni, juu watoto yangu wangali hapa Bukavu na wajukuu wangali wanatafuta kuoa na kuolewa. Lakini majina ya wengine nayajua yote. Yananikamata shingo kila asubui.

Ilikuwa mu miaka ya Zaïre, wakati tulikuwa tunaitana Citoyen na Citoyenne, maana yake mwananchi, na bapapa wa biro wanavaa abacost, ile koti isiyovaliwa na tai. Kartie yetu, mutaa yetu, ilikuwa ku mulima. Masomo, ile nyumba ya kusomea watoto, ilikuwa na madarasa ine tu. Watoto watano ku banc moja ya kukalia! Wengine walikuwa wanasomea inje, mvua ikija wanakimbia.

Mimi nilifika tu mu mwaka ya pili primaire. Lakini nilikuwa na sauti! Eh, Mungu alinipa sauti ya kupita ngoma. Njo maana Chama, ile moja tu ya inchi nzima, ilinichagua kuwa mwanzishaji wa nyimbo za bamaman. Vijana wa leo hawajui ile desturi. Mu mukutano, mwanzishaji akianza wimbo ya Chama, wote wanasimama, wanapiga mikono, wanacheza. Hakuna wa kubaki ku kiti. Hakuna wa kuendelea kusema. Mwenye anabaki amekaa, kesho wanamuita ku biro ajieleze.

Siku moja akaja inspekteri wa masomo, Citoyen Bahizire, mutu mwembamba, mwenye heshima. Hakuja kutuamuru. Alikuja kutuuliza, na hiyo njo inaniuma zaidi. Direkteri wa masomo yetu, Mugisho, alitundika ku ukuta karatasi kubwa yenye alichora mwenyewe na makaa. Bahizire akasema:

"Bapapa na bamaman, tunafanya mupango ya miaka makumi mbili. Si ya leo. Watoto ya watoto yenu watasomea wapi? Serikali haijue hii udongo. Ninyi munalima hapa, ninyi njo munajua. Semeni."

Mungu wangu! Mu maisha yako, mukubwa alikuambia "sema" mara ngapi?

Kulikuwa pahali mbili pa kujenga. Pa kwanza, ku tambarare, juu. Pa pili, chini, ku mutelemuko. Hata kipofu angechagua tambarare. Lakini ku tambarare kulikuwa shamba yangu. Udongo ulikuwa wa Serikali, sikukuwa na karatasi hata moja, lakini nilikuwa nalima pale maharagi na muhogo tangu bwana yangu alikufa. Watoto sita walikuwa wanakula mu ile shamba.

Mukutano ya tatu, siku ya Mungu kisha misa, njo ilikuwa ya kukata maneno. Bahizire akauliza: "Kujenga ku mutelemuko, kuko mwenye anaogopa kitu?"

Nsimire akasimama. Alikuwa jirani yangu, rafiki wa kubeba maji pamoja. Ku ule mutelemuko alikuwa analima mateke, ile mizizi yenye inapenda pahali pa maji. Haya ilikuwa inamushika mbele ya watu. Akakamata ncha ya kitambaa yake, akasema pole pole:

"Citoyen Inspekteri, mimi nalima pale. Mateke inanenepa sana pale, hata mu kiangazi. Maana yake, chini..."

Nilijua kile alitaka kusema! Nilijua! Kila mwenye alikamata jembe ku hii milima anajua: pahali mateke inanenepa mu kiangazi, kuko maji chini, na udongo unatembea. Siku mbili mbele ya ule mukutano alikuwa ameniambia kama muti wa mupaka wa shamba yake ulishuka hatua mbili peke yake. Mimi nikamucheka: "Muti wako unaenda ku soko?"

Nikafungua kinywa, nikaanza wimbo.

Bamaman wakasimama. Mikono pa! pa! pa! Bapapa nao. Bahizire mwenyewe akasimama, angefanya nini? Ni wimbo ya Chama! Nsimire akabaki anafungua kinywa na kufunga, sawa samaki yenye wametoa mu ziwa. Kisha naye akaanza kupiga mikono. Nilimuona. Machozi inamushuka, na anapiga mikono.

Wakati tuliketi, sekreteri alikuwa ameshaandika mu rejista: "Wazazi wote wamekubali mutelemuko, kwa furaha."

Mangaribi Nsimire akaja kwangu.

"Dada, juu ya nini uliimba?"

"Wimbo ilinikuja tu."

"Ilikuja kutoka wapi? Mu tumbo?"

Nikakasirika, maana ilikuwa kweli. Nikamwambia: "Wewe unataka masomo iwe ku tambarare, karibu na mulango yako, uuzie watoto mikate! Tunakujua!"

Hakukasirika. Akasema: "Ndiyo, nitauza mikate. Na wewe utauza maharagi. Lakini twende wawili ku Mugisho kesho. Mimi sijui kusema, wewe uko na sauti. Sema tu kama chini kuko maji. Hata usitaje jina yangu."

"Nitaona," nikajibu.

Nitaona! Neno gani ile?

Alienda peke yake. Mugisho akamwambia: "Maman, rejista imeshafungwa. Hata wewe ulipiga mikono, nilikuona. Lakini lete mutu wa pili mwenye atasema kama wewe, na mimi nitaandikia inspekteri barua." Nsimire akakuja mara mbili ku lupango yangu, mu uwanja ya nyumba, anaita. Nilijificha mu jikoni, mu moshi, nanyamaza sawa mwizi.

Wakajenga. Kila siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, ilikuwa Salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote, na tulikuwa tunashusha matofali ku kichwa. Mimi nilishusha pamoja na wengine. Na nilikuwa naimba.

Mwaka ya kwanza ukuta ukapasuka, ufa ya kuingia kidole. Mugisho akaifunga na simenti. Mwaka ya pili, ufa ya kuingia mukono. Akaifunga tena. Nsimire akipita na mimi pale, alikuwa anaangalia ukuta, kisha ananiangalia.

Mwaka ya tatu mvua ilinyesha siku tano bila kupumuzika. Siku ya sita jua likatoka, watoto wakaenda ku masomo. Yangu mudogo, Cito, alikuwa mu darasa ya chini kabisa. Lakini maharagi ilikuwa inaoza ku shamba, nikamukataza kwenda. Nikasema: "Leo utanisaidia kuvuna."

Tulikuwa tunavuna wakati tulisikia sauti, sawa kamiyo, ile motokari ya mizigo, inamwaga mawe. Nikasimama. Bati za darasa ya chini zilikuwa zinashuka pole pole, pamoja na migomba, pamoja na mateke ya Nsimire. Pole pole! Kisha hazikuonekana tena.

Tulichimba na majembe, na mikono, na sahani. Watoto wengi walitoka wazima. Watatu hapana. Bisimwa, mutoto ya Ntwali mushonaji wa nguo. Nabintu, mwenye alikuwa ameanza kusoma wiki ile tu. Na Murhula, kitindamimba ya Nsimire. Mama yake njo alimupata, na jembe yake mwenyewe.

Ku matanga nilipeleka sufuria ya maharagi, sawa desturi inataka. Nsimire alikuwa amekaa chini, ku mukeka. Akaangalia ile maharagi mapya, kisha akaniuliza:

"Yako alikuwa wapi?"

"Ku shamba," nikasema.

"Ah. Ku shamba."

Ni hayo tu. Hakunitukana. Afazali angenitukana! Akageuza uso ku ukuta, na bamaman wote wakageuka naye. Tangu ile siku hakunisemesha tena mpaka kifo yake.

Bahizire alirudi, na wanaume wawili wa biro. Akafungua rejista, akasoma mbele yetu: "Wazazi wote wamekubali, kwa furaha." Akauliza: "Hakuna mwenye alikuwa na neno?" Mugisho aliangalia chini. Nsimire hakufungua kinywa tena. Na mimi, mwenye sauti ya kupita ngoma, nilihesabu vidole vya miguu yangu.

Wakapata wa kulaumu. Mugisho walimutoa, wakamutuma mbali, kule Kamituga, bibi yake na watoto wakabaki nyuma. Alikufa kule kwa homa, hata mwaka haukuisha. Barua ya Nsimire angeiandika, kama mutu wa pili angekuja. Huyo wa pili alikuwa mimi!

Madarasa mapya yalijengwa ku tambarare. Shamba yangu ilienda yote, na hakuna mwenye aliniuliza. Cito alikua, lakini siku moja mwenzake alimwambia juu ya wimbo, na kama watu wanasema nilimukataza masomo ile siku juu nilijua. Akakuja, akaniuliza: "Maman, ulijua?" Nikasema hapana. Alihama, alienda kuishi Nguba, hapa hapa Bukavu. Ananisalimia ku Noeli.

Nsimire naye alihamia Mudaka, ku ndugu yake. Wamemuzika mwezi uliopita. Nilienda, nikasimama nyuma ya watu. Walianza nyimbo za mazishi, wakanigeukia niwasaidie. Sauti ilikataa kutoka.

Wewe mwenye unasoma, leo mikutano iko mingi. Wanakuja na karatasi zao, wanasema: wazazi, semeni, tunapanga masomo ya kesho. Ukisikia mutu wa haya anaanza kusema pole pole, nyamaza! Mwache amalize, hata kama maneno yake inakula shamba yako. Na kama umeshamukata maneno, usijidanganye kama imeisha.

Utasema kosa yangu ilikuwa dakika moja ya wimbo. Hapana, mwanangu. Tangu wimbo mpaka mvua kulikuwa miaka tatu, na mulango ya Mugisho haikuwa mbali. Mara nyingi ilikuwa wazi.