Gauni la Kwendea Hospitali

Jirani yangu Nangila hufua nguo za watu. Ndiyo kazi yake tangu aje Kisumu kutoka Bungoma, na mimi ninayeuza mitumba hapa Nyalenda sijaona mikono inayong'arisha shati kama yake. Shati la mtu mwingine, bila shaka. Wenye mashati humwita "yule mama wa kufua", na jina lake hawajawahi kuuliza.

Mwaka juzi alimkimbiza kifungua mimba wake, Enos, katika hospitali moja ya hapa mjini ambayo siitaji, nisije nikaipa sifa. Alikuwa ametoka kufua. Mtoto alivaa kaptura iliyochanika, na miguuni alikuwa na tope la Nyalenda, ambalo ndilo kitu pekee tunachopewa bila kupanga foleni. Muuguzi aliziba pua akauliza mbele ya watu, "Mama, hii mtoto unalaza na kuku?" Benchi zima likacheka. Nangila alirudi nyumbani akaapa kwamba mtoto wake hatakanyaga hospitali tena bila nguo ya kanisani.

Basi mwaka huu mvua zilipokolea, Elsie, binti yake wa miaka miwili, akaanza kukohoa na kuhema. Mama mtu alifanya nini? Alibandika maji motoni. Akamwogesha, akampaka mafuta hadi akameta, akamvika gauni jeupe lenye marinda na kola iliyotiwa wanga, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, kisha sweta, soksi na viatu.

"Mama Enos, twende," nikamwambia. "Gauni ya nini saa hii?"

"Wewe Mama Mureithi hukuchekwa."

Na kweli, sikuchekwa.

Tulifika hospitalini asubuhi. Juu ya mlango wameandika kwa herufi nyekundu: DHARURA. Mimi na ujinga wangu nilidhani dharura ni kukimbia. Kumbe kwa wale ni benchi refu, televisheni inayoonyesha watu wakipika keki, na muuguzi aliyekaa nyuma ya meza akinyoosha kalamu: wewe huku, wewe kule.

"Mtoto iko na nini?" akauliza, bila kunyanyuka.

"Anakohoa, sista. Tena kifua inamvuta."

Muuguzi alimtazama Elsie toka kwenye viatu hadi kwenye kola. Hakumgusa. "Huyu? Si amependeza hivi kama anaenda harusi! Huyu ako sawa. Keti pale nyuma, tumalize wagonjwa."

Tukaketi nyuma. Kila aliyeingia mbele yetu tulisogea kidogo, na kila aliyeletwa akilia tulirudishwa tulikotoka. Baba mmoja mwenye tai alimleta mwanawe aliyechubuka goti, akafoka, "Mnajua mimi ni nani?" Hakuna aliyejua. Goti likaingia hata hivyo, likatoka na bandeji, likapewa na biskuti. Pale aliye mgonjwa ni mwenye kelele, na Elsie wetu alikuwa kimya.

"Ona vile huyu ametulia," bawabu akamsifu. "Mtoto wa adabu."

Adabu! Mtoto hakuwa na pumzi ya kulilia. Alikuwa amelegea mapajani mwa mama yake, macho nusu wazi, na yale mafuta usoni yakimfanya aonekane ameshiba. Nangila naye alikuwa akinyoosha marinda yasikunjamane. Nilipandwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Mchana uliingia. Muuguzi aliletewa chai. Nikamwambia Nangila, "Mvue."

"Nimvue hapa? Watasema nini?"

"Waseme! Midomo yao ndiyo kazi wanajua."

Akatazama benchi, akatazama meza. Nilimwona akikisikia tena kile kicheko. Kisha kichwa cha Elsie kikaanguka nyuma kama cha mtoto aliyelala, na hakuwa amelala.

Nangila akamng'oa sweta, akaingia kwenye vifungo. Mikono inayokamua mablanketi ikashindwa na kifungo kimoja kidogo cha shingoni. Akakamata kola kwa mikono miwili akalirarua gauni hadi kiunoni.

Hapo wote waliona. Kila mtoto alipovuta pumzi, chini ya mbavu palizama shimo na tumbo likaruka juu. Mama Amolo, mwanamke wa Ahero aliyeketi karibu nasi, akapiga kelele, "Yawa! Sista, mtoto inaisha!"

Muuguzi alikimbia. Kumbe alikuwa na miguu siku nzima. Walimbeba Elsie ndani, wakamwekea oksijeni, na daktari akatoka akifuta miwani.

"Mama, mnakaaje na mtoto hali hii? Nyinyi watu mnapenda kuchelewa."

Jibu nilikuwa nalo. Lakini mtoto alikuwa mikononi mwao. Nangila alisema, "Pole, daktari," na gauni lililoraruka likiwa mkononi mwake.

Elsie alipona. Siku ya kurudi kuangaliwa nilimsindikiza tena, na mtoto alikuwa amevaa nini? Gauni lile lile, limefuliwa, limepigwa pasi, linang'aa, na sweta juu yake. Nilitaka kumzomea mama yake njiani.

Muuguzi yule yule akatabasamu. "Waa, mtoto amependeza! Akina mama wote wangekuwa kama wewe!"

Nangila alipita moja kwa moja hadi mezani. Alimsimamisha Elsie juu ya meza, juu ya karatasi zao. Akamvua sweta, ndipo nilipoona kwamba vifungo vyote vimetolewa, na mahali pake ameshona zipu ndefu kutoka kolani hadi kitovuni. Akaivuta mara moja hadi chini.

"Mama, atashikwa na baridi," muuguzi akasema.

"Baridi baadaye, sista. Angalia kifua kwanza."