Kibuyu cha Kwenda Lupaso

Safari yetu ya Lupaso ilianza kwa ugomvi, kama mambo mengi ya nyumbani kwetu. Baba alitaka tupande lori la mizigo kutoka Newala hadi Masasi, kisha tuulizie hukohuko. Mama alisema lori linamtapisha, na isitoshe, alikuja Newala kwa miguu akiwa bibi harusi, kwa hiyo atarudi kwao kwa miguu. Alitaka kupita njia ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi wa pembe na wa mpira, na baada yao wapagazi wa vita ya Mwingereza na Mjerumani. Siku hizo Mwingereza alikuwa bado anatutawala, ingawa watu walishaanza kusema kwa sauti kwamba ataondoka, na barabara yake ya magari ilikuwa imeinyang'anya njia ile wapitaji wake.

Tulikuwa tunakwenda kwa dada yake mama, mama mkubwa wangu, ambaye sikuwahi kumtia machoni. Habari zilitufikia kwamba macho yake yanaingia ukungu. Ndugu hawa wawili hawakuonana tangu mama aolewe. Dada mtu aliipinga ndoa ile mbele ya watu, akisema huwezi kumchukua mtoto wa bondeni ukampeleka juu kusiko na mto, atakufa kiu. Mama akaondoka bila baraka zake. Sasa alikuwa na neno moja tu: anataka dada yake amwone kabla macho hayajafunga kabisa.

Baba akapendekeza atafutwe mtu wa kutuongoza.

"Kiongozi wa nini, baba watoto?" mama akauliza. "Mdomo ninao."

Basi mdomo ule ukafanya kazi. Mama aliwauliza wanawake tuliokutana nao kwenye mteremko wa kuchota maji, akawauliza wauza tumbaku waliotoka Tandahimba, akamuuliza hata fundi cherehani ambaye hajawahi kuvuka soko. Kuuliza si ujinga, lakini majibu mengine ni ujinga mtupu. Jirani yetu mmoja, aliyewahi kubeba mizigo njia ile, alituambia tukate kulia penye nyumba ya shemeji yake. Tulipomuuliza nyumba ikoje, akasema ilianguka zamani, na shemeji mwenyewe alishakufa.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, posa zimeanza kubisha hodi, na kwa kuwa nilikuwa na maneno mengi, nilipewa kazi ya kuyakumbuka ya wenzangu. Nikazipanga punje za mahindi juu ya mkeka: hii mteremko, hii kijito cha kwanza, hii pa kulala, hii milima ya mawe ya Masasi, ambayo lazima tuiache mkono wa kulia. Nilikuwa katikati ya kuwaeleza wazazi wangu kuku alipoingia, akaidonoa Lupaso akaimeza.

Mama alimtazama sana yule kuku. "Hii si dalili?"

"Njaa," baba akasema.

Alipoona hatubadiliki, baba, ambaye alikuwa anabaki kulinda nyumba, alitupa lililo lake. "Mkifika njia panda, tazameni chini. Njia iliyolazwa tawi la mti si yenu, kuna aliyetangulia akaiziba ili wa nyuma wasipotee. Na nyinyi mkipita, wekeni tawi bichi. Nyuma yenu wapo watu."

Yakabaki maji. Sisi wa juu maji tunayakinga mvua inaponyesha, tunayaweka kwenye shimo nyuma ya nyumba, na yakipungua tunashuka mteremko kuyafuata. Ilikuwa kiangazi, shimo limebakiza kidogo chini. Akiba haiozi, nikasema mimi mwenyewe, nikajaza vibuyu viwili, cha mama na changu, nikaviziba kwa magunzi ya mahindi. Tukaongeza mihogo mikavu, karanga na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, tukaondoka kukipambazuka.

Tulipomaliza kuteremka tulikuta kijito kinatiririka, na wanawake wanafua. Walitutazama sisi na vibuyu vyetu wakacheka hadi wakaachia nguo.

"Mama, mnabeba maji mnayaleta mtoni?"

Nilitamani ardhi inimeze. Katika kupanga kote kule, sikuwahi kufikiri kwamba tunakokwenda ndiko maji yaliko. Nilikitoa kizibo nimwage, mkono ukakataa. Mtu wa Newala hamwagi maji. Nikayanywa yote kwa hasira, tumbo likawa linacheza njia nzima. Mama akainama, akanywa ya kijito kwa viganja, na kibuyu chake hakukigusa.

Hakukigusa siku hiyo wala kesho yake. Jua lilikuwa kali, na kila nilipoona kamba ya kibuyu inamkata bega nilipandwa na mori.

"Mama, si ukimwage?"

"Umewahi kuniona namwaga maji, wewe?"

Njia panda tuliikuta mbele kidogo, na punje zangu hazikuwa zimesema lolote juu yake. Lakini upande wa kushoto palikuwa na tawi limelazwa, majani yake hayajanyauka vizuri. Nani aliliweka, alikuwa anakwenda wapi, sitajua. Tuliweka letu juu ya lake. Nimekuwa mtu mzima nimesaidiwa na wengi ninaowajua, na bado huyo nisiyemjua huwa namwombea.

Tulifika Lupaso alasiri. Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni kwake akipukuchua kunde, vidole vinakwenda vyenyewe. Mama akasimama mbele yake. Dada yake akainua uso.

"Nani huyo amenizibia jua?"

Alikuwa amemwelekea mdogo wake usoni, nikajua kwamba tumechelewa, macho yameshafunga.

"Shikamoo, mama mkubwa," nikasema mimi.

"Marahaba. Mtoto wa nani?"

"Wa mdogo wako. Wa Newala."

Vidole vikasimama. Ndipo mama akakishusha kile kibuyu, akang'oa gunzi, akamimina maji kwenye kata iliyokuwa kando ya mtungi, akaiweka mkononi mwa dada yake. Mama mkubwa aliyanusa kwanza.

"Maji ya wapi haya?"

"Ya nyumbani kwangu, dada."

Aliyanywa polepole hadi mwisho. Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu changu kitupu, nikimshukuru Mungu kwamba mama hakunisikiliza, na hadi leo namshukuru kwa hilo. Mama mkubwa akainyoosha kata.

"Ongeza."

Mama akaongeza. Safari hii mama mkubwa hakunywa mara moja, aliishika kata kwa mikono miwili.

"Basi hukufa kiu."

"Sikufa, dada."

"Kaa chini, basi," akasema mama mkubwa. "Unanizibia jua."