Msimu Tuliousikia kwa Simu ya Mezani

Sisi tuliokulia Mayfair, hapa Johannesburg, kabla simu hazijaingia mifukoni tulikuwa mafundi wa kungoja. Tulingoja mvua ya saa kumi, ile yenye radi na mawe, ipite ndipo turudi barabarani kucheza rede. Tulingoja magwinya, maandazi ya huku, yapoe, ingawa hakuna aliyewahi kuvumilia hadi yakapoa, na nadhani ndiyo maana kizazi chetu kizima kina ndimi zilizobabuka. Watoto wa leo picha ikisita kwa sekunde mbili tu wanauliza nani amekata intaneti. Mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na mdogo wangu Idi ana saba, tulingoja kila Jumamosi, tangu Agosti hadi mwisho wa Aprili, simu ya mtu aliyekuwa akidaka mipira Uingereza.

Mtu huyo alikuwa Baba mdogo Bakari. Yeye na Baba walizaliwa Tanga, wawili tu kwa mama yao. Baba alitangulia kuja Johannesburg akafungua duka la ushonaji, na bibi alipofariki akamwita mdogo wake. Wakawa wanashona pamoja, cherehani mbili zinatazamana, moja ikinyamaza nyingine inalia. Jumatatu hadi Jumamosi Baba mdogo alikuwa fundi suruali. Jumapili alikuwa kipa.

Uwanja wao ulikuwa wa vumbi jekundu, nyuma ya maghala, na timu yao ilikuwa ya mchanganyiko: Wasomali, Wakongo, Watanzania na Mmalawi mmoja aliyekuwa akicheza na kofia. Kocha alikuwa jirani yetu Papa Ilunga, fundi viatu kutoka Lubumbashi, mtu mfupi mwenye sauti ya lori. Baba mdogo alikuwa mrefu kiasi kwamba Mama hakuhitaji ngazi kubadilisha balbu, alimwita tu. Papa Ilunga alikuwa akimtazama golini anatikisa kichwa, anasema, "Ule mutoto iko na mikono ya kupangusa mawingu."

Kisha akaondoka. Rafiki yake aliyekuwa amehamia Uingereza alimwandikia kwamba kuna kazi kwenye ghala la biskuti, katika mji mdogo wa kaskazini, na kwamba timu ya mji huo haina kipa. Baba alikataa. Walibishana wiki nzima, kwa sauti za chini, jambo lililotutisha sisi watoto kuliko makelele. Asubuhi ya safari, mwezi wa Julai, baridi ya Johannesburg inachoma pua, Baba mdogo alisimama mlangoni mwa duka na begi lake akaaga. Baba hakuinua macho. Aliendelea kukanyaga cherehani, na Idi aliyekuwa karibu aliniambia baadaye kwamba haikuwa na uzi.

Kuanzia siku hiyo jina la Bakari halikutajwa mbele ya Baba. Nilipomuuliza Mama kosa lilikuwa nini, alisema hakuna kosa. Alisema Baba alimwahidi mama yake, siku za mwisho za uhai wake, kwamba yeye na mdogo wake hawatatengana. "Baba yako hana hasira na Bakari," alisema. "Ana aibu kwa marehemu."

Simu yetu ilikaa kwenye stuli ukumbini, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Jumamosi ya kwanza ya msimu ililia wakati Baba ametoka tu kwenda msikitini kuswali magharibi. Alikuwa Baba mdogo, mechi imeisha, bado ana matope magotini. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyohivyo. Kwao mpira ulianza saa tisa alasiri, na ulipoisha jua la kwetu lilikuwa linazama na Baba yuko kwenye safu ya mbele ya msikiti. Hata walipobadilisha saa zao kwa ajili ya majira ya baridi, jua letu nalo lilikuwa limeanza kuchelewa kuzama, mambo yakakutana tena. Mama alisema hiyo ni mipango ya Mungu. Idi alisema ni mipango ya mwamuzi.

Mama ndiye aliyepokea, kwa kunong'ona, kisha akatusimulia. Na Mama hakujua mpira hata chembe. "Wamefungwa mbili," alikuwa akisema, "lakini moja haikuwa kosa lake." Kila wiki kulikuwa na moja ambayo haikuwa kosa lake. Wakifungwa tatu, moja haikuwa kosa lake. Siku waliyofungwa bao moja tu, Mama alifikiri kidogo, akasema hata hilo upepo ulihusika.

Shuleni tulijitapa. Tulisema baba yetu mdogo anacheza Uingereza, na watoto wenzetu, waliokuwa wakiona ligi kubwa ya huko kwenye televisheni, walikaa mbele ya skrini wikendi nzima wasimwone. Jumatatu tulichekwa hadi Idi akalia. Tulipomlalamikia Baba mdogo alicheka sana kwenye simu. Akatueleza, Mama ameshika chombo cha simu katikati ya masikio yetu, kwamba chini ya ile ligi kubwa kuna nyingine, na chini yake nyingine, unateremka kama ngazi za ghorofa, na yeye yuko karibu na chumba cha mlinzi. Ilikuwa ligi ya mkoa. Wenzake walikuwa mafundi bomba, walimu, fundi rangi mmoja, wanalipwa posho ya mechi na Jumatatu wanarudi kazini. Mwenyekiti wa klabu ndiye aliyekata nyasi. Mke wake aliuza chai dirishani. Watazamaji walikuwa mia na kitu pamoja na mbwa wao, na nyuma ya goli alikaa bikizee mmoja anafuma sweta, ambaye Baba mdogo akifungwa alimgombeza bila kuinua uso kwenye sindano. Baba mdogo alikwenda na mayai yake ya kuchemsha mfukoni, kwa kuwa hakujua nyama ya zile sambusa kubwa zilizouzwa pale ilichinjwaje.

Nilichora msimamo wa ligi kwenye daftari la jiografia. Majina ya ile miji yalitushinda kuyatamka, tukazipa timu majina yetu: Wenye Kilima, ambao uwanja wao uliinama upande mmoja, Wa Reli, ambao mpira wao ulipotelea kwenye mataruma, na Wapole, waliomvunja mtu mguu mechi ya kwanza. Timu ya Baba mdogo tuliiita Biskuti. Kufika Desemba Biskuti walikuwa wa tatu kutoka mkiani, na wawili wa mwisho wangeshuka daraja.

Januari alipiga simu kusema hawakucheza kwa sababu uwanja umeganda. Sisi tulikuwa pekupeku, jasho linatiririka, tumerudi tu kununua barafu za rangi kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Hatukumwamini. Tulidhani wamefungwa nyingi anaficha. Ilibidi Papa Ilunga atuchukulie kipande cha barafu, akibamize kwenye sakafu ya kibanda chake na kutuambia tujaribu kulala juu yake kudaka mpira. Idi alijaribu. Alinyanyuka na baridi tumboni na heshima mpya kwa makipa.

Februari Baba mdogo aliteguka kidole, akawekwa benchi. Na ni Februari hiyohiyo ambapo mvua ya mawe ilinyesha Jumamosi jioni, barabara ikawa mto, na Baba akasema ataswali nyumbani. Mama alinitazama. Mimi nikaitazama simu. Baba alimaliza swala, akakunja msala, na simu ikalia akiwa hatua mbili kutoka kwayo. Akapokea.

Mawe yalikuwa yanapiga bati. Nilijua nani yuko upande wa pili, na nilijua kwamba naye kanyamaza, maana kama angesema kitu, Baba angejibu au angekata simu. Mwishowe Baba akasema, "Umekula?"

Sijui alijibiwa nini. Alisikiliza kidogo, akaitikia kwa pumzi, kisha akaweka chombo juu ya kitambaa taratibu na kumwambia Mama kwamba kuna simu yake. Akaenda chumbani. Nilimsikia akifungua kabati, akilifunga, akilifungua tena.

Baada ya hapo alianza kuwa mtu wa ajabu. Siku moja, ana pini mdomoni anapunguza sketi yangu ya shule, aliniuliza kama anauliza hali ya hewa, "Hao wenye kilima wamecheza na nani?" Nikamwambia. Akasema hm. Wiki iliyofuata nilikuta daftari langu la jiografia chini ya mto wake. Nililiacha hapohapo, na tangu siku hiyo nikawa naandika kwa mwandiko mzuri zaidi. Lakini simu ikilia hakuipokea tena. Alikuwa msikitini, kama kawaida, ingawa Mama alisema siku hizi anarudi hata kabla wenzake hawajamaliza kusalimiana.

Jumamosi ya mwisho ya msimu, mwishoni mwa Aprili, kidole kilikuwa kimepona na Baba mdogo amerudishwa golini. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa Mama: sare wanabaki, wakifungwa wanashuka. Papa Ilunga alifunga kibanda mapema akaja na mkate. Baba alikwenda kuswali magharibi akarudi upesi, anahema, na alipovua viatu mlangoni tukaona kimoja ni chake na kingine si chake. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alivuta kiti akaketi ukumbini kando ya stuli, mbele yetu wote, bila kujificha.

Simu haikulia. Mama akachemsha chai ya tangawizi, ikanywewa. Papa Ilunga akaeleza kwamba siku ya mwisho kuna mambo mengi, watu wanashangilia, wanaoga. Mkate ukaisha. Adhana ya isha ikaanza kusikika, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona Baba akiisikia adhana asinyanyuke mara moja. Ndipo ikalia.

Baba alipokea mwenyewe. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na goti lake, nikasikia sauti ndogo ikitoka, kisha nikasikia kwamba haikuwa maneno. Mtu mzima, mrefu wa kubadilisha balbu, alikuwa analia. Walikuwa wameshikilia suluhu hadi dakika za mwisho kabisa. Mpira wa kona ukampiga beki wao mgongoni, ukabadili njia, ukaingia. Biskuti walikuwa wameshuka.

Baba alimwacha alie. Hakumharakisha. Sauti ilipotulia akasema, polepole, kama anavyopima kitambaa:

"Bakari, kushuka si kufa. Na nisikilize. Nyumbani mtu harudi kwa kuwa ameshindwa. Anarudi akichoka kutukumbuka. Ikifika siku hiyo, njoo. Isipofika, kaa udake."

Kisha nikasikia sauti ya Baba mdogo vizuri kabisa, "Na mama je?" Baba akafumba macho. Akasema mama atajua kwamba tunaongea.

Halafu akampa Mama chombo, na jambo la kwanza Mama alilomwambia shemeji yake ni kwamba hilo bao halikuwa kosa lake. Safari hii ilikuwa kweli.

Biskuti hawakupanda mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Baba mdogo alibaki nao. Alikuja Desemba ya pili, na Baba alikwenda kumpokea uwanja wa ndege amebeba koti alilomshonea bila kipimo. Lilimkaa sawasawa, mabega hadi viganja. Wale ndugu wawili walisimama pale kwenye mlango wa wasafiri, mmoja anamnyoosha mwenzake kola, watu wanawapita na matoroli, na hakuna aliyekumbuka kwamba sisi tulikuwepo.

Baba ametangulia mbele ya haki sasa, Papa Ilunga amerudi kwao, na mimi bado niko mji huuhuu. Baba mdogo ana ndevu nyeupe na anafundisha makipa wa timu ileile. Wanangu wawili wanasikia Kiswahili lakini wananijibu kwa Kiingereza, wakikasirika kwa Kizulu. Nikiwasimulia habari za simu ya mezani wananiuliza kwa nini hatukutazama tu mtandaoni. Eish. Siwalaumu. Siku hizi hata ile ligi ya mkoa inaonyeshwa kwenye simu; mkwe wa mwenyekiti anasimamisha kamera kwenye paa la kibanda cha chai, na nikitaka naweza kuwaona wale watu mia na kitu na mbwa wao nikiwa Johannesburg, nimelala kitandani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, nyekundu imewaka, simu ikatetemeka kwenye kiti cha pembeni. Timu ya Baba mdogo imeshinda tatu bila, imepanda daraja. Nilijua kabla wachezaji hawajamaliza kukumbatiana, kabla taa haijageuka kijani. Nikaendesha nyumbani kwa furaha, nikafungua mlango, nikasimama ukumbini nina habari mdomoni. Wanangu walikuwa kila mmoja chumbani kwake, vipokea sauti masikioni. Niliwaambia mmoja mmoja. Wa kwanza alisema, "Sharp, Ma," yaani sawa. Wa pili alisema ameshaiona.

Nikarudi ukumbini nikaketi kidogo. Nyumba ilikuwa kimya, habari njema imeshafika kila mahali, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akiingoja.