Rafu Zinazotembea

Shangazi yangu ni mkunga, na ni mtu asiyebabaika ovyo. Nimewahi kumwona akimpokea mtoto aliyetanguliza miguu huku anamuuliza mama yake habari za shule za wale wakubwa. Kwa hiyo alipojiunga na chuo kikuu akiwa tayari ana wajukuu, sisi nyumbani tulidhani atakachoogopa ni mitihani. Kumbe alichoogopa ni maktaba.

Mlangoni pana geti linalofunguka ukigusisha kadi. Siku yake ya kwanza kadi ilikataa, geti likapiga kelele, na ukumbi mzima ukainua vichwa. Alipopita, chupa yake ya maji ikaanguka ikabiringika hadi chini ya meza ya watu, na mtu akamnyamazisha, "Shhh," kama anavyonyamazishwa mtoto. Tangu hapo akiingia humo alinyata, mkoba kifuani, na kikohozi alikimeza. Mara nyingi hakuingia kabisa. Alisomea kwenye simu, mpaka macho yakawa yanamwaga maji.

Mwalimu wake ndiye aliyekata mzizi wa fitina. Utafiti wake ulihusu wanawake wanaotokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na mwalimu alimwambia wazi kwamba asiposoma tasnifu za waliotangulia, hatamruhusu aendelee. Tasnifu za zamani haziazimwi. Zinakaa chini ya ardhi, na kila mwenye haja huzifuata mwenyewe.

Mkutubi aliyekuwa kaunta ni baba mmoja mrefu, miwani inaning'inia kwa kamba shingoni. Alimwandikia namba ya tasnifu kwenye kipande cha karatasi, akamweleza.

"Rafu za kule zinatembea, mama. Zimebanana kuokoa nafasi. Unazungusha usukani wa ubavuni, zinaachana, unaingia katikati, unachukua chako unatoka."

"Na mtu mwingine akizungusha nikiwa ndani?"

"Usukani una kitufe chekundu. Ukikibonyeza, rafu haziendi popote." Akasita kidogo. "Ila cha safu hiyo unayokwenda kimekufa, bado hawajaja kukitengeneza. Usijali, huko huwa hakuna mtu."

Shangazi anasema neno hilo la usijali ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Lakini watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, akaona haya kurudi.

Chini kulikuwa kimya cha kuziba masikio. Taa za huko huwaka zenyewe mtu akipita na kuzimika akitulia, hivyo aliona mwanga ukimtangulia na giza likimfuata. Akaipata safu yake, akazungusha usukani. Rafu za chuma, ndefu kumpita, ziliachana taratibu juu ya reli zake. Akachungulia huku na huku, akaingia. Tasnifu ilikuwa mwisho kabisa, karibu na ukuta, rafu ya chini. Akachuchumaa akaanza kuisoma palepale, maana ilikuwa inazungumza hasa alichokuwa anakitafuta, na hofu ikamtoka kidogo.

Kwa vile hakusogea, taa ikazimika. Akawasha tochi ya simu, akaendelea.

Kisha akasikia viatu. Taa za ujia mkubwa zikawaka. Alitaka kuita, "Nipo huku," lakini akaikumbuka ile shhh, akanyamaza. Anachojilaumu hadi leo ni hapo.

Rafu ilipoanza kusogea alidhani ni kizunguzungu, presha yake imepanda. Mpaka chuma kilipomgusa bega. Akasimama, akajigeuza ubavu, akaanza kujivuta kuelekea nje, lakini mkoba ulikuwa umenasa nyuma yake, na nafasi ikazidi kupungua. Vitabu vikambana mgongoni na kifuani. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Sauti ninayo," aliniambia baadaye, "nimepigia kelele wanawake maisha yangu yote. Siku ile iligoma, mwanangu. Nilijua nakufa, na nakufa kimyakimya."

Rafu ikasimama kidogo, ikakwama kwenye mwili wake. Huko nje aliyekuwa anazungusha aliona usukani umekuwa mzito, akauegemea kwa nguvu zote. Ubavu wa shangazi ukalia kah. Na maumivu hayo ndiyo yaliyomfungua koo, akapiga ukelele wa kazini kwake:

"Usisukume! Usisukume!"

Kila kitu kikatulia. Halafu sauti ya msichana, nyembamba, "Kuna mtu?"

"Nimo humu. Rudisha."

"Nirudishe upande gani? Mama, nizungushie wapi?" Alikuwa ameanza kulia. Akikosea upande, basi tena.

Shangazi hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Akamwambia kama anavyowaambia wanawake wanaojifungua, neno moja moja. "Vuta pumzi. Ulikuwa unazungushia wapi?"

"Kulia."

"Sasa kushoto. Taratibu."

Rafu ikaachia. Alitoka akishikilia rafu, hajui mkoba uko wapi. Msichana alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Aliona taa ya safu imezimika, tochi ya kule chini hakuiona, akajua hamna mtu. Walikaa sakafuni wote wawili, wameegemea ukuta, mpaka mkutubi aliyesikia ukelele akaja anakimbia, miwani inampiga kifuani. Alimshika shangazi mkono, na mkono wake mwenyewe ulikuwa wa baridi.

Ubavu ulikuwa umepata ufa, ukapona. Hofu haikupona. Kwa muda mrefu shangazi alilala mlango wazi, na lifti hakupanda. Mkutubi aliifunga safu ile kwa mnyororo, akaanza kushuka yeye mwenyewe kumletea tasnifu kaunta. Nilimsindikiza shangazi siku ya kwanza aliporudi. Alisimama mbele ya geti, kadi mkononi, akashindwa kuigusisha, wanafunzi wakawa wanatupita pembeni.

"Turudi nyumbani, shangazi?"

"Ngoja," akasema. "Usinisemeshe."

Tukangoja. Mwishowe akaingia, akachagua kiti kinachotazamana na kaunta, na hicho ndicho alichokalia hadi alipomaliza shahada. Mtu akisukuma kiti nyuma yake, aliruka.

Tasnifu yake nayo imepelekwa chini ya ardhi pamoja na nyingine. Mkutubi alimuuliza kama angependa kushuka naye aone ilipowekwa, yeye atakaa kwenye usukani asibanduke.

"Ahsante, baba," shangazi akamjibu. "Nakuamini. Lakini sishuki."