Tangi la Maji Kwenye Kona

Mwanamke akiolewa, nyumba ya wakwe humtafutia kazi ya kumpimia. Wengine hupimwa jikoni. Yeye alipimwa mbele ya kompyuta, kwa sababu siku ya kutambulishwa shangazi wa mumewe alitangaza, "Huyu kasomea kompyuta, tena chuo kikuu," na baba mkwe, aliyekuwa kanyamaza tangu asubuhi, akainua kichwa na kumtazama kama mtu aliyeharibikiwa njiani akaona gari la msaada.

Baba mkwe alikuwa dereva wa treni mstaafu. Neno mstaafu alilitumia mwenyewe. Mtaani walisema alifukuzwa. Miaka kumi na sita iliyopita treni yake ya mizigo ilipita taa nyekundu kwenye kona ya kuingilia stesheni ya mwisho, ikamgonga fundi wa njia aliyekuwa ameinama anakaza reli. Fundi yule hakufika hospitali. Kwenye uchunguzi, stesheni masta alisema taa ilikuwa nyekundu robo saa nzima. Dereva akasema hakuiona, wala hapana binadamu ambaye angeiona, maana tangi la maji lililosimama ndani ya kona liliiziba mpaka uwe umeshaifikia. Wakubwa hawakujisumbua kwenda kutazama. Walimwandikia barua. Miaka miwili baadaye reli ile iling'olewa, tangi likakatwakatwa, na ushahidi wake, kama alivyopenda kusema, ukauzwa kwa kilo.

Basi mzee akaijenga reli yake upya ndani ya gemu.

Lilikuwa gemu la kuendesha treni. Mwanawe ndiye aliyemwekea, ili baba apate cha kushughulisha mikono, na hakujua anamfungulia mlango gani. Wachezaji wa gemu lile hutengeneza nyongeza zao wenyewe na kugawiana bure mtandaoni: behewa, daraja, mti mwembamba, bati lenye kutu. Mzee alijifunza kuzishusha, kisha kuzipanga. Akaenda kwa miguu kwenye njia ya zamani, akafyeka vichaka, akapima kwa futi misingi ya nguzo, ya vibanda, hata visiki. Kwa miaka minne alipachika nyongeza mia tatu na kumi na mbili. Reli ikakamilika yote, kilomita arobaini na tatu, ila kwa jambo moja. Kila treni ilipoikaribia ile kona, picha iliganda, sauti ikakwaruza, na gemu likajifunga. Mzee alikuwa hajawahi kuipita kona yake mwenyewe.

"Linakufa palepale, mwanangu," alimwambia mkwe wake. "Palepale. Utadhani limelogwa."

"Halijalogwa, Baba. Limeshiba."

"Limeshiba?"

"Kila kitu unachokiona kwenye kioo kinakaa kwanza kwenye ram, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Mti, jiwe, kofia ya abiria. Ukifika kwenye kona umelibebesha vingi kuliko nafasi iliyopo. Linaanguka."

Mzee akafikiri. "Yaani injini moja, mabehewa sitini, na mlima mbele."

"Hivyo hivyo."

"Basi kata mabehewa. Lakini kwenye kona usiniguse hata jani. Nimemwita yule bwana aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi."

Yule bwana ni stesheni masta. Siku hizi naye alikuwa mzee wa fimbo, na alikubali kuja. Mume wa mkwe pia aliomba ruhusa kazini ili awepo. Mume huyu alikulia shuleni akiitwa mtoto wa muuaji, na jino lake moja la mbele lilibaki kwenye uwanja wa shule kwa ajili ya jina hilo. Kwa hiyo hapakuwa na mtu nyumbani asiyejua kinachongojewa: stesheni masta akae kwenye kiti mbele ya kompyuta, atazame kona kama dereva alivyoitazama, kisha aseme mbele ya mwana huyu wa dereva, "Kweli, haikuonekana."

Mkwe akaanza kazi, kila alasiri akitoka ofisini. Kwanza alinakili kila kitu kama kilivyokuwa, akakihifadhi pembeni, maana fundi asiyeweka nakala ni mcheza kamari. Kisha akazima nusu ya nyongeza, akaendesha, akaona gemu linafika wapi. Akazima nusu ya nusu. Alikuta majani ya aina moja yameletwa na nyongeza tatu tofauti, kila moja ikijibebea mzigo wake. Alikuta mzee kashusha furushi la mabehewa arobaini kwa sababu ya behewa moja lenye mlango wa buluu. Picha za kupaka milima ya mbali zilikuwa kubwa kana kwamba mtu angekwenda kuilamba ile milima. Akazipunguza hadi robo.

"Wale abiria wa stesheni ya nne nimewatoa, Baba."

"Wote?"

"Nimekuachia wawili."

"Mwache na yule mama mwenye mwavuli. Alikuwa anachelewa kila siku, nilikuwa namngoja." Akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Wewe mtoto una mkono. Mwanangu kaoa, mimi ndiye niliyepata."

Maneno hayo mkwe alikwenda nayo kitandani kama mtu aliyepewa cheti cha pili.

Lakini hata baada ya yote hayo gemu liliendelea kujifunga kwenye kona. Ndipo alipofungua faili ambamo gemu huandika lilichokuwa likifanya kabla ya kuanguka, akasoma mstari wa mwisho. Mara ya kwanza ulitaja tangi la maji. Mara ya pili, tangi. Mara ya tano, tangi. Mtu aliyelitengeneza huko aliko alikuwa fundi wa sifa: kila parafujo ilichongwa peke yake, kichwa na nyuzi, na ndani ya tangi, mahali ambapo hakuna jicho lingefika, kulikuwa na ngazi na hata maji.

"Tangi ndilo linalokuangusha, Baba."

"Nilijua," alisema mzee kwa uchungu. "Limeniangusha mara mbili."

"Nitalichonga jingine jepesi. Nipe vipimo tu."

Mzee alimsomea kutoka kwenye daftari lake. Upana futi kumi na sita. Umbali toka kwenye reli, futi kumi na nane, akiupima toka kwenye misingi minne ya zege ambayo ipo mpaka leo. Miguu ya chuma, futi kumi na moja. "Hiyo nina hakika nayo. Nilikuwa nikisimama chini yake kunywa chai, nikinyoosha mkono sifikii."

Ijumaa saa tisa alasiri, tangi jepesi likiwa mahali pake, waliwasha. Mume alikuwa kazini, shangazi sokoni. Walikuwa wawili tu. Mzee alishika mpini wa plastiki wa kuongozea treni. Zikapita stesheni, akapita mama mwenye mwavuli, nguzo za simu zikapita moja moja. Kona ikafika. Picha haikuganda.

Tangi likatokea, jeusi, kubwa, kama alivyolisema siku zote. Na chini ya tumbo lake, katikati ya miguu, taa nyekundu ikawaka mbele yao kama moto unaoonekana kupitia mlango ulioachwa wazi.

Nguzo ikapita. Taa ipo. Nguzo nyingine. Taa ipo.

"Umerefusha miguu," alisema mzee.

"Hapana, Baba. Kumi na moja, kama ulivyoandika."

"Rudisha nyuma."

Akarudisha. Waliendesha tena, na mara ya tatu mzee alihesabu kwa midomo isiyotoa sauti. Toka taa ilipoonekana mpaka kuifikia zilikuwa nguzo tisa. Mkwe hakuwa mtu wa reli, lakini wiki tatu hizo alikuwa ameambiwa mengi, likiwemo hili: treni nzito kiasi kile, breki nzima, husimama ndani ya nguzo sita.

Feni ya kompyuta ilikuwa ikivuma. Mzee aliondoa mikono kwenye mpini, akaiweka magotini, akaitazama kama vyombo alivyoazimwa.

"Ile nakala ya zamani unayo?"

"Ninayo."

"Irudishe. Yote. Na tangi lile la kwanza."

"Baba, litajifunga."

"Najua litakavyofanya."

Mkwe angeweza kukataa. Alitamani kuuliza siku ile macho yalikuwa wapi, lakini mkwe hamuulizi baba mkwe swali kama hilo, na hata angeuliza asingeongezewa ila aibu. Akairudisha.

Jumamosi stesheni masta aliingia akigonga fimbo. "Haya dereva! Tuondoke, au bado unakagua breki?"

"Kaa, bwana. Leo utapanda injini uache kukaa ofisini na filimbi."

Wakacheka kicheko cha watu wasiosameheana. Mume alisimama nyuma ya viti, mikono kifuani, hakupepesa macho. Treni ikaenda, stesheni masta akatambua daraja, akatambua kibanda, akasema, "Lahaula, hata ule mlango wa buluu!" Kona ikakaribia, ncha ya tangi ikaonekana. Picha ikaganda, sauti ikakwaruza. Kioo kikawa cheusi.

"Nini tena?" mume aliuliza, na aliuliza akimtazama mkewe.

Mzee hakugeuka. "Mwulize fundi wako. Aliniambia lipo tayari."

"Wiki tatu! Wiki tatu mtu anakaa hapa na digrii yake!" alifoka mume.

Mkwe akangoja baba mkwe aseme neno. Mzee alikuwa akifuta mpini kwa leso.

"Nimeshindwa," alisema mkwe.

Stesheni masta alijikohoza. "Msimfokee mtoto wa watu. Nami niseme kweli, dereva, tuko mwisho wa safari. Mimi sikupanda injini hata siku moja. Taa niliiona kutoka chini, kwenye jukwaa. Toka juu kwako, na tangi lile... huenda ulizibiwa. Nimekuwa nikijiuliza."

Mume alifunika uso kwa mikono miwili, akalia. Mzee alimpa stesheni masta mkono, na wakashikana kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo watu mtaani wamemsikia mzee akicheka barazani, na mwanawe hukaa naye jioni kama ambavyo hajawahi. Shangazi husema, hata mkwe mwenyewe akiwepo, kwamba vyuo vya siku hizi vinatoa karatasi tu. Kompyuta imefunikwa kitambaa. Mkwe akimpelekea baba mkwe chai, mzee huonyesha meza kwa kidole ili aiweke pale, na hamwiti tena mwanangu. Hamwiti chochote.